Kipimo cha Uso

4 Februari

Mdogo wangu Futi,

Hujambo? Mimi sijambo, ukitoa yale ya kila siku. Mama hajambo? Jumapili kwenye simu alisema siku hizi anatembea mpaka getini peke yake. Nikajua anatia chumvi, maana nilikusikia nyuma yake ukikohoa kile kikohozi chako cha kufichia uongo. Magoti yake uyapake dawa kila jioni, hata akikataa. Na wewe uoe, maana hutabaki mvulana wa nyumbani mpaka mvi zikuvae.

Kazi zipo. Nina sare za shule moja nzima hapa, mashati mia na ishirini, kola zote za kugeuza. Mwanafunzi wangu wa ushonaji anajitahidi, ila mkasi anaushika kama kijiko.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hiyo ni mali ya Mama. Ikilia anaidaka yeye, anaweka spika, na ukitoka nayo nje unaulizwa unaficha nini. Barua hawezi kuisoma. Mungu anisamehe, safari hii nimelifurahia hilo.

Futi, ile kansa ya pafu, ambayo mimi na wewe tunaiita kwa jina lake na Mama anaiita kifua, imepanda kichwani. Nilianza kuamka na kichwa kinagonga. Kisha ndani ya wiki moja nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, mara mbili. Mimi, niliyekuchapa viboko kwa kosa hilohilo ukiwa na miaka kumi na mbili. Nikaenda hospitali mwenyewe. Picha imeonyesha madoa matatu kwenye ubongo, moja kama kifungo cha shati, mawili kama vifungo vya kola.

Daktari anataka nifanyiwe upasuaji wa mionzi. Jina linatisha, lakini hakuna kisu wala uzi. Mionzi myembamba inapita kutoka pande nyingi, mmoja mmoja haudhuru kitu, ila yote inakutana kwenye doa na kuliunguza. Anasema inawezekana kwa sababu madoa ni machache. Yakizidi itabidi wachome kichwa kizima, na hapo kumbukumbu huwa inapungua. Kwa hiyo nawahi.

Mama asijue. Na usije, nani atamwinua kitandani?

Dada yako

15 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako ilifika jana. Niliisoma nimejibanza nyuma ya marobota ya kitambaa, na bado Mama akauliza kutoka chumbani, "Nani kafa?" Nikamwambia ni tangazo la duka la vifungo. Akasema duka gani hilo linalomliza mtu mzima.

Yeye hajambo. Getini hajafika, umekisia sawa, anaishia mlangoni na kurudi, ila anahesabu kwenda na kurudi. Anakula. Anakuombea hicho kifua chako asubuhi na jioni, na mimi naitikia amina huku najiona mnafiki.

Dada, nimeandika ukurasa nikauchana. Hujawahi kuvuta sigara hata moja maishani, tena ulikuwa ukiwafukuza wateja waliokuja nayo kibandani. Naogopa. Nimezoea kwamba wa kuogopa ni mimi na wa kuniambia acha ujinga ni wewe, sasa sijui nani ataniambia.

Baada ya hiyo mionzi utakuwa wewe yuleyule? Ulimuuliza daktari? Muulize, kisha uniandikie alichosema, si ulichoona kinafaa kuniambia. Na hili la kusema nisije tutaligombania. Jirani yetu muuza mkaa amesema anaweza kukaa na Mama wiki nzima.

Mdogo wako, Futi

27 Februari

Futi wangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mashati yamebaki thelathini. Muuza mkaa mwenyewe anahitaji mtu wa kukaa naye, kwa hiyo tulia hapo ulipo.

Nilimuuliza daktari. Amesema, "Mama, lengo letu ni ubaki wewe yuleyule." Haya, nimekuandikia neno kwa neno.

Wiki hii wamenitengenezea kinyago, na hii ndiyo habari niliyotaka kukupa, fundi kwa fundi. Nililazwa chali kwenye meza nyembamba. Fundi wa mionzi, kijana mmoja mpole mwenye mikono baridi, akatoa karatasi ya plastiki yenye matundu madogo kama kitambaa cha neti, akaichovya kwenye maji ya moto mpaka ikalegea. Akanifunika nayo uso mzima na kuivuta mpaka chini, kwenye meza, kulia na kushoto. Ikashika pua, nyusi, kidevu. Dakika chache ikakauka, ikawa ngumu kama bakuli. Siku ya mionzi nitafungwa kwenye meza kwa hicho kinyago ili kichwa kisisogee hata unene wa shilingi.

Futi, sijawahi kuona kipimo cha namna ile. Hawakuacha nafasi hata ya kuingiza kucha. Sisi tungeacha inchi moja ya kuhemea. Nilipofumbua macho, kope ziligusa plastiki. Nilitaka kupiga kelele, nikahesabu vifungo mpaka wakanifungua.

Nimepangiwa Jumatatu, tarehe 25 Machi. Ni mbali, lakini mashine ililala wiki tatu ikisubiri kifaa, na foleni imefika barabarani. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alipata homa siku yake, wakampeleka mwisho wa foleni. Nimemwona akitoka, ameshika kofia mkononi. Nafasi hii naishika kwa meno.

Wamenipa na vidonge vya kushusha uvimbe wa ubongo, vinne kwa siku. Kichwa kimetulia. Ila vinanitia njaa ya ajabu, mkate mzima naumaliza nimesimama.

Dada yako

9 Machi

Futi,

Salamu kwa Mama, mengine baadaye.

Uso wangu umevimba. Ni vile vidonge. Mwanafunzi wangu kaniambia nimependeza, nimenenepa, nikachukua kioo. Mashavu yamejaa, shingo imejaa, macho yamezama. Nimejipima kwa utepe wa fundi kutoka sikio hadi sikio kupitia chini ya kidevu, nimeongezeka inchi moja na robo. Nimerudia mara tatu. Kinyago kile hakikuwa na nafasi ya kucha, inchi nzima itaingia wapi?

Sijamwambia mtu hospitali. Naogopa. Unaijua sheria ya kibanda chetu, niliiandika kwenye ubao wa ukutani mimi mwenyewe, mteja akibadilika mwili baada ya kupimwa anarudi mwisho wa foleni. Je, kama na wao wana ubao wao ukutani? Kila nikienda kufuata vidonge namkuta yule mzee bado anauliza kama jina lake limepanda. Madoa hayasubiri, Futi. Yakizidi watanichoma kichwa kizima, na mimi bila kumbukumbu ni nani? Vipimo vya wateja wangu wote viko kichwani.

Silali. Wewe ungefanyaje? Nijibu upesi.

Dada

14 Machi

Shikamoo Dada,

Nimepata yako leo asubuhi, nakujibu leoleo, basi la jioni litaichukua.

Nimewaza mpaka kichwa kimepata moto. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakiongezeki, hilo tunalijua wote. Plastiki ndiyo kabisa. Kinachoweza kubadilika ni mwili. Unamkumbuka yule bibi harusi aliyenenepa baada ya mahari? Ulimwambia, "Gauni halirudi kwa fundi, wewe ndiye utarudi kwenye gauni," akapungua, akalivaa, watu wakashangilia. Sasa wewe kinachokuvimbisha si chakula, ni vidonge. Viache siku nne tano kabla ya hiyo Jumatatu. Uso utashuka, utaingia kwenye kinyago bila mtu kujua, na ukishatoka mezani unaendelea navyo. Siku tano hazimuui mtu.

Mimi si daktari, najua. Lakini uso ni mwili, na mwili tumeupima maisha yetu yote.

Mama hajambo. Jino lake la mwisho la mbele limeng'oka juzi, kwenye mkate laini, fikiria. Amenikataza kukwambia kwenye simu, anaona haya, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mimi sijaahidi chochote kuhusu barua.

Jipe moyo, Dada. Tutalivaa hili gauni.

Futi

2 Aprili

Shikamoo Dada,

Jumapili mbili simu yako haipatikani. Tarehe 25 ilipita, nikasema umechoka na mionzi. Tarehe 26 nikasema umelala. Sasa sina tena la kusema. Mama anashika simu kutwa kifuani. Namwambia mtandao mbovu. Ananiangalia tu.

Nimepiga namba ya kibanda chako, mwanafunzi wako kapokea, kasema, "Dada mkubwa hayupo," kisha akaanza kulia, simu ikakatika. Nimepiga tena mara kumi na nne.

Nimekosa nini kwa Mungu? Andika hata mstari mmoja. Kama kinyago hakikuingia, sema. Kama wamekurudisha mwisho wa foleni, nitakuja kupiga magoti mbele ya mlango wao. Ukinyamaza ndiyo unaniua.

Leo nimekata suruali ya mteja miguu miwili ya upande mmoja. Nimekaa nayo mapajani tangu saa nne.

Futi

11 Aprili

Mdogo wangu,

Usishtuke na mwandiko. Mkono wa kulia umegoma kidogo, naandika kwa wa kushoto, na mstari mmoja unanichukua muda wa kushona pindo. Niko wodini. Mama hajambo? Simu yangu ilivunjika nilipoanguka, yeye mwambie ilidondoka majini.

Nitasema kwa ufupi kwa sababu nachoka. Jumamosi, tarehe 23, siku mbili kabla ya siku yangu, nilianguka kibandani. Wanasema ni kifafa. Mwanafunzi wangu alinikuta chini ya meza ya kukatia nikitetemeka. Kichwa kilikuwa kimevimba ndani. Daktari kaniuliza vidonge viko wapi, nikasema nilivisahau siku kadhaa, kazi zilinizonga. Kasema vile haviachwi ghafla hata siku moja. Hakunikaripia. Ingekuwa nafuu angenikaripia.

Fundi wa mionzi alikuja kuniona na mikono yake baridi. Nikamwambia kuhusu uso. Akanishangaa, akasema, "Mama, kila wiki tunatengeneza vinyago upya. Vidonge hivyo vinavimbisha watu wote. Robo saa tu, ungesema." Robo saa, Futi. Hawana ubao wowote ukutani.

Wamepiga picha mpya. Madoa sasa ni tisa. Daktari anasema tisa, na mengine yanachungulia, mashine yao hii haitayakimbiza moja moja. Wiki tatu nilizopoteza kitandani ndizo hizo. Sasa ni kichwa kizima, mara kumi, siku za kazi.

Na jambo moja. Kama uliniandikia tena mwezi wa tatu, barua hiyo haikufika. Posta siku hizi ni ovyo. Niliamua mwenyewe, kwa usahaulifu wangu mwenyewe, kwa hiyo usianze kukaa gizani na kujihukumu, nakujua.

Mama umtengenezee supu, na asizibe mdomo akicheka. Pengo ni la kila mtu mzima.

Dada yako

19 Aprili

Shikamoo Dada,

Nani alikuambia habari za pengo?

Mama hajasema kwenye simu, alikuwa tayari kufa kuliko kusema. Mimi nimeliandika mara moja tu, tarehe 14 Machi, mistari michache chini ya pale nilipokuambia uache vidonge. Barua ilifika. Uliisoma yote, mpaka mwisho. Na hukusahau vidonge, wewe uliyekuwa ukikumbuka kiuno cha mteja wa miaka sita iliyopita.

Ni mimi. Nimeandika sentensi hiyo, naiangalia, na haibadiliki. Ni mimi niliyesema siku tano hazimuui mtu. Nilikuwa najidai fundi. Ulikuwa umesimama mlangoni kwa daktari, swali mkononi, nawe ukageuka ukaniuliza mimi, na mimi badala ya kukuambia rudi ukaulize humo ndani, nikakutolea mfano wa bibi harusi. Robo saa, Dada. Nimekaa robo saa na saa ya ukutani, nione ni muda gani. Ni mfupi. Sikupata hata kumaliza kikombe cha chai.

Jana nimemwambia Mama. Nilikaa kitandani kwake nikamsomea barua zote, zako nilizonazo na ile yangu kwa kichwa, maana neno kwa neno naijua. Nilipomaliza alizipokea barua, akazipanga mapajani. Kisha akasema, "Kwa hiyo nyote wawili mliona mimi ni wa kusitiriwa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nipe viatu." Dada, Mama hajavaa viatu tangu mwaka juzi. Nikamvika. Akakaa navyo kitandani mpaka asubuhi, mkoba mapajani, akiuliza basi ni saa ngapi.

Mabasi yamejaa wiki ya likizo. Tumepata tiketi ya Ijumaa, tarehe 3 Mei, kiti cha mbele kwa ajili ya magoti yake. Sitaki unisitiri tena. Unitukane, unifukuze, lakini usiniambie barua haikufika.

Futi

24 Aprili

Futi,

Marahaba. Naandika kwa kushoto, tena kidogo kidogo tangu asubuhi, kwa hiyo vumilia.

Barua ilifika. Ilifika Jumatatu, tarehe 18. Niliisoma nimesimama, nikaacha vidonge siku ileile. Nilikuwa na mtu wa kumuuliza, mwenye koti jeupe, nyuma ya mlango niliokuwa nikiupita kila nilipofuata vidonge, na nikaona bora nikuulize wewe kwa sababu nilijua utaniambia ninachotaka kusikia. Hilo ni langu. Lakini na wewe lako ni lako. Nilitaka kukuchukulia, nimeshindwa, ni zito, na mkono wangu ni mmoja.

Nina hasira na wewe. Sikuijua mpaka niliposoma yako iliyofika jana. Nimekaa nayo usiku kucha, mwenzangu wa kitanda cha pili kadhani nina homa. Nina hasira na ule mfano wa bibi harusi, na "tutalivaa hili gauni." Tutalivaa nani? Nilikuchapa kwa kushona mikono kinyume, na hili nisikugombeze? Nakupenda, na nina hasira, na yote mawili yako palepale.

Wataanza kunichoma Jumatatu, tarehe 29. Daktari safari hii nimemuuliza kila kitu, hata maswali ya kijinga, na amenijibu yote. Kasema baadhi ya watu hupoteza mambo ya karibuni kwanza, ya mwezi huu na uliopita, kisha mengine. Hawezi kujua kwangu itakuwaje wala itaanza lini. Kasema niandike ninayotaka kubaki nayo. Mimi sitaki kuyaandika, nataka kuyasema.

Tarehe 3 ni mbali. Siku hiyo nitakuwa nimeshachomwa mara nne. Huenda nikakuona mlangoni na Mama na viatu vyake, nikafurahi, nikakukumbatia, na nisijue tena ulinifanyia nini. Utaona nimekusamehe, kumbe nimesahau tu. Sitaki hivyo, Futi. Nataka nikugombeze nikiwa najua kwa nini, ulie, nilie, halafu nikusamehe mwenyewe kwa akili yangu timamu.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo mkononi, ikufikie kesho. Rudisha tiketi hizo. Panda lori, panda chochote, Mama mkalishe mbele na dereva. Uwe hapa kabla ya Jumatatu.

Dada yako